Mnyororo wa bloku haufichi siri

Wapo wanaosema "blokucheni", na hutamkika kwa urahisi. Hata hivyo, "mnyororo wa bloku" ni istilahi bora, kwa sababu mnyororo huunganisha wala haufichi, na hapo ndipo wengi hupotea teknolojia hii inapotajwa kuwa kinga ya data za jeshi. Kila bloku ni fungu la kumbukumbu linalobeba heshi ya bloku iliyotangulia. Heshi ni msimbo unaokokotolewa kutokana na data yenyewe. Kwa algoriti ya SHA-256 huwa na biti 256, data iwe sentensi moja au maktaba nzima. Karani wa ghala la silaha akifuta "bunduki 40" akaandika "bunduki 41", heshi hugeuka yote, na bloku zinazofuata zinamsuta. Lakini hakuna kilichofichwa: mwenye nakala anasoma kila kitu. Kuficha ni kazi ya usimbaji fiche, unaovuruga data isisomeke bila ufunguo. Algoriti ya AES, kwa mfano, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kulinda hata siri za ngazi ya juu kabisa.

Mtu atauliza: jeshi lina amri moja, mnyororo wa nini? Si hifadhidata yenye nywila inatosha? Ingetosha kama adui angekuwa nje tu. Edward Snowden alipotoa nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani mwaka 2013, alikuwa mfanyakazi aliyeruhusiwa kuingia. Mnyororo nao usingemzuia kunakili, tukubali. Unachozuia ni msimamizi wa mfumo kufuta nyayo zake kimyakimya, iwapo kumbukumbu za walioingia zimefungwa humo na nakala ziko mikononi mwa wengine. Estonia, iliyoshambuliwa mitandaoni mwaka 2007, inalinda rejesta zake kwa heshi zilizounganishwa hivyo, huku rekodi zenyewe zikibaki kwenye hifadhidata za kawaida.

Mpango huo wa Estonia una busara kuliko pendekezo la kusimba faili zote na kuzipachika kwenye mnyororo. Kilichoingia humo hakifutiki kirahisi, na nakala zake ni nyingi. Adui akipata moja leo, anaweza kuitunza hadi ufunguo uvuje au kompyuta za kwanta zivunje usimbaji uliotumika. Faili ikikaa nje, jeshi linaweza kuisimba upya kwa algoriti mpya, au kuiteketeza.