Tekno si ngoma ya wazungu: kutoka Detroit mpaka Bunia



Ndani ya ripoti yetu iliyopita kulikuwa mstari mmoja ulioleta maneno mingi: kompyuta moja ya okazioni, bafle mbili, na mafuta ya grupu. Mfadhili mmoja alituuliza kwa heshima kama vitu hivyo vinasaidia watu waliorudi. Wazee wetu wao hawakutafuta heshima. Mmoja alisimama akasema, "Ile si muziki bana, ile ni grupu imeharibika." Mwingine akaongeza kwamba ni ngoma ya wazungu, vijana waliiokota Uganda wakati wa ukimbizi, na ingebaki kule kule.

Basi tumetafuta historia ya huo muziki, na tunaiandika hapa. Hatutaki kumlazimisha mtu kuupenda. Kati yetu tunaoandika, wawili hawaupendi mpaka leo.

Tuanze na namna unavyosikika. Tekno ni muziki wa mashine. Ngoma nzito inapiga sawasawa, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka pigo, mara 120 mpaka 150 kwa dakika moja. Sauti ya mtu kuimba haiko, ao iko kidogo tu, neno moja linalorudiarudia. Hakuna beti, hakuna kiitikio. Sauti moja inaingia juu ya ngoma, inakaa, ya pili inaikuta, ya kwanza inatoka pole pole, na mwenye kuchezesha anaunganisha wimbo na wimbo bila kusimama, mpaka mchezaji hajui tena wapi mmoja umeisha na mwingine umeanza. Kwa mtu aliyezoea kusikiliza maneno, inachosha. Lakini Mkongomani gani hajui sebene? Mwimbaji ananyamaza, magitaa yanashika kipande kidogo, yanakirudia, yanakirudia, na hapo ndipo watu wote wanasimama kwenye viti. Tekno ni kama mtu aliyekata sehemu ya kuimba akabakiza sebene peke yake, kisha akampa mashine aipige.

Sasa, ilizaliwa wapi? Si Ulaya. Ilizaliwa Marekani, katika mji wa Detroit, na waliouzaa ni vijana weusi. Detroit ulikuwa mji wa magari: Ford, General Motors, Chrysler. Watu weusi wengi walihama kutoka kusini ya Marekani kufuata kazi ya viwanda vile, sawa vile kwetu watu walivyofuata dhahabu ya Kilo-Moto. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu karibu 1,850,000. Kisha kazi ikaanza kupungua. Mwezi wa 7 mwaka 1967 kukawa fujo kubwa, watu 43 wakafa, nyumba nyingi zikaungua. Wenye uwezo walihama, wazungu kwanza. Kufika mwaka 1990 walibaki kidogo tu kupita milioni moja. Mtaa mzima wa nyumba tupu, milango wazi, majani yameota ndani: sisi tuliorudi Djugu hatuhitaji kuelezwa picha hiyo.

Vijana watatu, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walijuana shuleni Belleville, mji mdogo pembeni ya Detroit. Usiku walisikiliza redio. Mtangazaji mmoja aliyejiita Electrifying Mojo alikuwa anachanganya kila kitu bila kujali rangi ya mpigaji: funk ya watu weusi, kisha Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf waliokuwa wanapiga vinanda vya umeme kama maroboti. Atkins alishirikiana na Rik Davis, mtu mzima kumzidi, aliyekuwa amerudi kutoka vita ya Vietnam. Wakaita kundi lao Cybotron, na mwaka 1981 wakatoa disiki yao ya kwanza. Mwaka 1985 Atkins akatoa nyingine, kwa jina la Model 500, katika kampuni yake mwenyewe aliyoiita Metroplex.

Tuseme neno juu ya vyombo, kwa sababu ndipo tunapofika kwenye kompyuta yetu ya okazioni. Kampuni ya Kijapani Roland ilitengeneza mashine ya ngoma inayoitwa TR-808 mwaka 1980. Iliwekwa sokoni kwa dola zaidi ya 1,000, na wapiga muziki wakubwa wengi waliidharau: ngoma yake haifanani na ngoma ya kweli. Mwaka 1983 kampuni ikaacha kuitengeneza. Mashine zikaanza kuuzwa kwa bei ya chini, zimetumika tayari, na vijana wasio na pesa ya kulipa orkestra wakazinunua. Sauti iliyodharauliwa ndiyo ikawa sauti ya muziki mpya. Kijana mmoja, chumba kimoja, mashine mbili tatu, na wimbo umetoka.

Jina lenyewe lilishika mwaka 1988, disiki ya mkusanyiko wa nyimbo za Detroit ilipotoka Uingereza. Ilitaka kuitwa kwa jina la hausi, muziki ndugu wa Chicago, lakini Atkins alikuwa ameleta wimbo wenye neno tekno, na neno likabaki. Kisha ukuta wa Berlin ukaanguka mwezi wa 11 mwaka 1989, majumba mengi upande wa mashariki yakabaki bila mwenyewe, vijana wakaingia na bafle. Klabu inayoitwa Tresor ilifunguliwa 1991 chini ya ardhi, ndani ya chumba cha zamani cha kuwekea pesa. Mwaka 2024 Ujerumani iliandika tekno ya Berlin katika urithi wa utamaduni wa taifa lake. Wajerumani wameutunza vizuri, hatukatai, lakini ndiyo sababu wazee wetu wanafikiri ni wa wazungu.

Turudi kwetu. Miaka ya 1960, mbele ya Detroit kufikiria neno tekno, mzee Mawangu Mingiedi alikuwa Kinshasa na kundi lake Konono No. 1. Walipiga ngoma za Bazombo, watu wa mpakani na Angola, kwa likembe. Lakini Kinshasa ina makelele, likembe haisikiki. Mingiedi akachukua sumaku za magari yaliyokufa, akatengeneza maikro, akafunga likembe kwenye ampli na vipaza sauti. Ikatoka sauti yenye kukwaruza, inayorudia bila kuchoka, saa nzima. Disiki yao *Congotronics* ilipotoka Ulaya mwaka 2004, watu wa kule walisema, kumbe hii ni tekno! Mzee alikuwa anaipiga toka zamani bila kuomba jina kwa mtu.

Na hiyo likembe ni mkimbizi mwenzetu. Ilitoka upande wa mto Kongo, ikapanda na wabeba mizigo na wafanyakazi wa wakoloni, ikavuka mpaka Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Ndugu zetu Alur wanaipiga, Acholi vilevile. Leo kuna watu Uganda wanafikiri ni yao toka mababu. Hatuwadai.

Kwa Acholi, upande wa Gulu, ndipo tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu hali yao ilikuwa kama yetu. Vita ya LRA iliweka watu wengi sana kambini, miaka na miaka. Ndoa haikusimama, lakini pesa ilisimama. Ngoma ya ndoa kwao, larakaraka, inataka watu wengi: wapigaji wa vibuyu kwa spoki za baiskeli, waimbaji, wachezaji, na wote wanataka kula. Karibu na mwaka 2004 mwimbaji Otim Alpha na mtengeneza muziki Leo Palayeng walianza kuweka larakaraka ndani ya kompyuta. Mwimbaji mmoja na kompyuta moja, ndoa ikachezwa. Nyimbo hizo zilikusanywa mwaka 2017 katika disiki *Gulu City Anthems* ya kampuni Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Jina hilo, tunajua. Kwa Kiswahili chetu halisemwi mbele ya mama mkwe. Kwa Kiganda wanasema ni hamu ya kucheza inayokushika ghafla. Waziri mmoja wa Uganda alitaka kufunga tamasha lao mwaka 2018, kisha likaruhusiwa.)

Ndani ya nyumba hiyohiyo ya Kampala ndimo alimo mtoto wa Bunia. Rey Sapienz alizaliwa hapa kwetu. Alienda Kampala kwa kazi ya muziki, vita vya nyumbani vikamfanya abaki. Kule alisaidia kuanzisha kampuni ya disiki ambayo kila mtu hapa anaelewa jina lake bila mkalimani: Hakuna Kulala. Mwaka 2021, pamoja na kundi lake The Congo Techno Ensemble, alitoa *Na Zala Zala*: ngoma za Kongo, maneno ya rapu, na mashine za Detroit pamoja. Kwa hiyo mtu akisema vijana wetu wameokota ngoma ya watu Uganda, tumjibu kwamba sehemu yake waliikuta kule ikiwa imetoka Bunia.

Vijana wetu wenyewe waliijulia Kyangwali, baada ya kuvuka ziwa Albert mwaka 2018 kwa mitumbwi kutoka Tchomia na Joo. Waliporudi hawakuwa na shamba lililolimwa wala ng'ombe. Walikuwa na simu, na muziki ndani yake.

Kuna jambo moja zaidi, na hili wafadhili hawawezi kulijua kwa ripoti. Tunapokusanyika, Hema, Lendu, Alur, Bira, Ndo-Okebo, kila wimbo wenye maneno una lugha, na kila lugha ina masikio yanayoisubiri. Tunakumbuka nyimbo zilizoimbwa wakati wa vita, toka 1999 mpaka 2003, na tena zilizofuata. Hatutaziandika hapa. Tulishaona sherehe ikivunjika kwa sababu ya wimbo mmoja tu, mtu akasema "hapo wanatutukana," na kweli hatukujua kama alikosea. Ngoma isiyo na maneno haimtaji mtu. Haipatanishi watu, tusidanganyane. Iliyoungua imeungua, na mashamba yanayogombewa bado yanagombewa. Lakini siku ile watoto wa pande mbili walicheza saa tatu na hakuna aliyeuliza wimbo ni wa nani.

Kuhusu pesa: orkestra ya kukodi kwa ndoa moja inameza likelemba ya familia nzima. Bafle za chama mwanachama anazipata kwa bei ya mafuta peke yake, kwa ndoa ao kwa kumaliza matanga. Tunapiga mchana, mbele ya giza. Hali ya usalama mnaijua. Vijana wawili wanaotunza kompyuta wameombwa kuingiza ndani yake likembe ya mzee mmoja wa Mahagi, na wameshaanza. Anayetaka kusikia aje ofisini siku ya Jumamosi saa nane, na kama ana lita moja ya esansi, aje nayo.