Sainasi na mazoezi ya yoga: maji, pumzi na mvumo wa nyuki

Mwenye sainasi hujijua anaposujudu. Akiwa wima hali huwa afadhali, lakini paji likigusa mkeka uso mzima unakuwa mzito kana kwamba umejazwa mchanga, mashavu yanavuta, na pale kati ya macho panagonga. Wako wanaojikuta wamemtangulia imamu kuinua kichwa, si kwa haraka bali kwa maumivu.

Huku kwetu Pwani maradhi haya hayakosi chakula. Mvua za masika zikishika, kuta huota kuvu nyuma ya makabati. Kaskazi ikivuma huja na joto na vumbi. Ndani ya nyumba kuna moshi wa udi kwenye chetezo, moshi wa makaa, na ile dawa ya mbu ya kuchoma usiku kucha chumba kikiwa kimefungwa. Pua yenye mzio haipati kupumzika. Ndipo mtu huenda duka la dawa akanunua matone ya kuzibua pua, akafarijika siku mbili tatu, kisha pua inaziba zaidi kuliko mwanzo. Matone hayo yakitumiwa kwa zaidi ya siku chache mfululizo, yenyewe ndiyo huwa sababu ya kuziba, na mtu huishia kuwa mtumwa wa chupa.

Hivi karibuni video za simu zimeanza kupendekeza dawa nyingine: yoga. Baadhi ya hayo mapendekezo yana ukweli mzuri. Mengine hayana maana, na moja, likifanywa kwa uzembe, linaweza kumuua mtu. Yafaa kuyapambanua.

Sainasi ni nini hasa

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso: juu ya nyusi, ndani ya mashavu, kati ya macho, na vingine ndani zaidi nyuma ya pua. Kila chumba kina utando unaotoa ute, na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho vinavyoufagia ute huo kuelekea puani kupitia kilango chembamba. Mafua au mzio ukivimbisha kilango, ute hukwama ndani, unakuwa mzito, na ndipo uzito na maumivu huanza.

Vyumba vya mashavu vina kasoro ya maumbile. Kilango chao kiko juu, si chini, kwa hiyo mtu akisimama ute hauwezi kumwagika wenyewe, mpaka ufagiwe ukipanda. Tena mizizi ya meno ya juu imekaribiana sana na sakafu ya vyumba hivyo, ndiyo maana sainasi humfanya mtu adhani anaumwa na jino. Na kinyume chake ni kweli: gego lililooza laweza kuleta usaha wa upande mmoja wenye harufu, ambao hakuna yoga itakayouondoa mpaka jino litibiwe.

Kuosha pua kwa birika

Yoga ina asili yake India, na katika mapokeo yake usafishaji wa mwili ni sehemu ya mazoezi. Kitabu kiitwacho Hatha Yoga Pradipika, alichokiandika Svatmarama kwa Kisanskriti yapata karne ya 15, kinataja njia sita za kujisafisha. Mojawapo ni neti. Neti ya kitabu hicho, ajabu, si ya maji. Ni ya uzi laini wa urefu wa shubiri moja, unaoingizwa puani ukatolewa mdomoni. Msomaji asithubutu kuijaribu nyumbani. Iliyoenea duniani leo ni jala neti, yaani neti ya maji, na chombo chake ni birika dogo lenye mkono mwembamba, kama birika la kutawadhia lililopunguzwa likawa la mwanasesere.

Njia yenyewe ni rahisi. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande ili tundu moja la pua liwe juu ya jenzake, huku paji na kidevu vikikaribia kuwa sawa. Fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Tia ncha ya birika kwenye tundu la juu, mimina polepole, na maji yatatokea tundu la chini. Usiseme wala usimeze mate wakati maji yanapita. Nusu ya birika ikiisha, geuka upande wa pili. Ukimaliza inama mbele, acha yaliyobaki yadondoke, kisha penga taratibu matundu yote mawili yakiwa wazi. Kupenga kwa nguvu huku umebana tundu moja husukuma maji masikioni.

Chumvi ndiyo siri. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliona chumvi ni madoido tu nikatia maji matupu, na nilichopata ni mwasho ule wa mtoto aliyezama. Mwili una chumvi, na maji yasiyo na chumvi huuchoma utando wa pua. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa, kwa nusu lita ya maji. Ukipenda ongeza chembe ya soda ya kuokea ili yapunguze kuwasha. Nasema ya kuokea, si magadi ya kupikia maharagwe. Chumvi ya mawe usiitumie kwa kuwa huja na mchanga na taka. Ya mezani ina madini ya iodini na haidhuru, ila pua nyepesi huweza kuwashwa nayo kidogo.

Wenzetu wengi hudai kwamba kupiga mbizi baharini kunatosha. Ni kweli pua hufunguka, lakini maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na ya mwilini ni kama 9. Ni makali karibu mara nne, licha ya yale yanayotiririka kuingia baharini kutoka mitaroni.

Je, kuosha pua kunasaidia kweli? Uingereza ulifanyika uchunguzi kwa wagonjwa 871 wenye sainasi sugu au inayorudi-rudi, ukachapishwa mwaka 2016. Waliofundishwa kuosha pua kwa maji ya chumvi walipata nafuu kiasi iliyoendelea kwa miezi. Waliojifukiza kwa mvuke walipungukiwa na kuumwa kichwa, bila nafuu nyingine ya maana. Wazee wetu waliotulea kwa nyungu na majani ya mkaratusi hawatafurahi kusikia hivyo, lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka ya mtoto imeshaunguza watoto wengi kuliko inavyostahili.

Maji yenyewe

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo video nyingi hupita kimya.

Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa birika la neti wakitumia maji ya mfereji. Maji yalikuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, mdudu asiyeonekana anayeishi kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, hasa yakiwa na uvuguvugu. Ukimnywa hana neno. Akiingia juu puani hufuata mshipa wa kunusia mpaka kwenye ubongo, na karibu kila anayempata hufa katika muda wa siku chache.

Kisa cha Karachi kinatugusa zaidi. Madaktari wa mji huo waliripoti wagonjwa 13 katika miaka ya 2008 na 2009, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa na habari ya kuogelea. Washukiwa wakubwa walikuwa ni maji ya nyumbani, pamoja na udhu. Karachi ni mji wa pwani, wa joto, ambako maji hayatoshi na watu huyaweka kwenye matangi ya juu ya dari. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Ugonjwa huu ni nadra sana, na mtu asiache kutawadha kwa kuogopa. Udhu wa kawaida haupeleki maji mbali. Kinachotakiwa ni kuyavuta kwa upole, asiyavute kwa nguvu mpaka yafike utosini. Birika la neti ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kazi yake hasa ni kufikisha maji kule juu. Kwa hiyo maji yake lazima yachemshwe. Yakishatokota, yaache yatokote dakika moja nzima, kisha yafunike mpaka yapoe yawe vuguvugu. Huku usawa wa bahari dakika moja yatosha. Kwa jamaa waishio milimani, juu ya mita 2,000, ni dakika tatu. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Kuyachuja kwa kitambaa hakutoshi. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayawi salama kwa ile chumvi yake, na ya mkokoteni na ya boza ni hivyo hivyo. Hata ya chupa ya dukani, yaliyotengenezwa kwa kunywa, yachemshe. Birika lenyewe lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, likaushwe, na lisiazimwe mtu, awe mke au mume.

Mara moja kwa siku inatosha, mbili wakati wa shida. Pua ikiwa imeziba kabisa usilazimishe. Mwenye maumivu ya sikio au aliyefanyiwa upasuaji wa pua karibuni amwone daktari kwanza. Ramadhani weka kazi hii baada ya futari, maana aliyefunga hutakiwa hata katika udhu asizidishe kuvuta maji puani.

Mvumo wa nyuki na pumzi nyingine

Zoezi ninalolipenda zaidi halihitaji chombo. Linaitwa bhramari, kutokana na jina la nyuki kwa Kisanskriti. Kaa wima, funga mdomo, vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole huku ukivuma "mmmm" mpaka iishe. Utasikia mtetemo mashavuni na kwenye paji. Rudia mara tano au kumi.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Taasisi ya Karolinska huko Stockholm, Weitzberg na Lundberg, walipima gesi ya naitriki oksaidi ambayo hutengenezwa kwa wingi ndani ya sainasi. Mtu akivuma, gesi hiyo ilitoka puani mara 15 zaidi kuliko akipumua kimya. Maana yake mtetemo unasukuma hewa kuingia na kutoka katika vile vyumba vilivyofungika. Tahadhari: waliopimwa walikuwa watu wazima wenye afya, na kupima gesi si sawa na kuponya maradhi. Lakini zoezi ni la bure na halimdhuru mtu, basi kwa nini usilijaribu ukingoja chai?

Pumzi ya kupokezana matundu, yaani kuvuta kwa moja na kutoa kwa jingine, ni nzuri kwa kutuliza moyo. Ila pua ina desturi yake: tundu moja hubanika kidogo na jingine kufunguka, kisha hubadilishana kila baada ya saa chache. Kwa hiyo tundu moja likiwa zito usidhani zoezi limeshindwa.

Kapalabhati ni kutoa pumzi kwa mikupuo ya haraka kwa kubana tumbo. Huchangamsha na hutoa kamasi, lakini si ya kila mtu. Mjamzito, mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo, kifafa, ngiri au presha ya macho aiache.

Mikao ya kuinamisha kichwa, na ule wa kusimama kwa kichwa unaopigwa picha sana, siipendekezi siku ambazo sainasi imewaka. Aliyeona uchungu wa kusujudu anajua kwa nini. Usiku mto wa ziada chini ya kichwa una faida kuliko mkao wowote.

Kuhusu dini, swali ni la haki. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga kwa kuwa ndani yake huchanganyika ibada na maneno ya dini nyingine. Maulamaa wa Indonesia mwaka 2009 walitofautisha: yenye ibada hapana, ya mazoezi matupu haina kizuizi. Saudi Arabia mwaka 2017 iliiingiza katika orodha ya michezo. Niliyoyaeleza hapa, kuosha pua na kuvuma, hayana neno la kutamka wala wa kuelekewa. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Wakati wa kuacha birika

Mafua mengi huletwa na virusi na huisha yenyewe, kwa hiyo antibayotiki ya kununua bila cheti haisaidii. Lakini zikipita siku 10 bila nafuu, au ukipata nafuu kisha hali ikageuka mbaya zaidi, au homa kali ikiandamana na usaha, nenda hospitali. Uvimbe kuzunguka jicho, kuona vitu viwili viwili, shingo kukakamaa au mtu kuanza kuchanganyikiwa ni dharura ya siku hiyo hiyo. Pua inayoziba upande mmoja tu na kutoa damu kwa majuma ionwe na daktari wa masikio, pua na koo. Na mtoto mdogo anayetoa usaha wenye harufu kwa tundu moja pekee, aghalabu hana sainasi. Ametia ushanga au mbegu ya ukwaju, na kummiminia maji kutaisukuma ndani zaidi.