Kumi bora pale Mikumi

Runinga ilichelewa kufika Bara. Zanzibar walikuwa na TVZ, tena ya rangi, tangu 1973. Sisi tukasubiri hadi 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo. Hata hapo Mikumi tulipata chenga tupu. Picha safi ilihitaji dishi, na dishi alikuwa nalo mwenye baa au mwenye banda la video.

Marekani, kuanzia 1998, vijana walijazana Times Square kwa ajili ya TRL, kipindi cha MTV cha video zilizopigiwa kura na watazamaji. Sisi miaka michache baadaye tulijazana kwa mjomba wangu, jirani na maegesho ya malori ya Zambia. Kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni ya chogo ndani ya kabati lenye kufuli. Mchana kutwa zilipigwa picha za mapigano. Jioni ya kumi bora, kipindi cha nyimbo kumi zinazoongoza, mjomba alizima deki, akafungulia Channel 5, yaani EATV, na hakuna aliyedai hela yake.

Kura zilipigwa kwa meseji. Simu ilikuwa moja, ya mjomba, na vocha tulichanga. Kwa hiyo kabla ya kutuma ilibidi banda zima likubaliane wimbo mmoja, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Waosha magari walimtaka Afande Sele kwa kuwa ni wa Morogoro mjini, na alipotawazwa Mfalme wa Rhymes mwaka 2004 walitembea kifua mbele kama wametawazwa wao. Wasichana tulikuwa na wetu. Tulibishana, tukahesabu mikono, walioshindwa wakanuna, meseji ikaenda. Naamini hakuna somo la uraia lililotufundisha zaidi ya ubishi ule.

Dada yangu alikuwa na daftari la nyimbo, kauntabuku la kwaya mbili lililovalishwa gazeti. Kushoto aliandika mashairi aliyoyadaka kwa sikio, akiacha nafasi pale mstari ulipomkimbia ili aujaze wiki ijayo. Kulia, kwa kalamu nyekundu, namba moja hadi kumi, na mshale mdogo kando ya kila wimbo: umepanda au umeshuka. Binamu zetu wa Kilosa mjini, waliokuwa wakija kwa basi la vumbi wakati wa likizo, walilinakili usiku kucha.

Wimbo ulionyamazisha banda ni "Starehe" wa Ferooz akiwa na Professor Jay: kijana anakufa kwa UKIMWI huku akiyajutia maisha yake. Mikumi ni mji wa barabara kuu. Madereva wanalala, magesti yamepangana, na miaka ile tulizika mno. Utingo waliokuwa wakipiga miluzi kwa kila binti aliyetokea kwenye kioo, wimbo huo ulipoanza waliinamisha vichwa.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, mgao wa umeme ukaja. Kituo cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kipo mwendo mfupi tu kutoka kwetu, lakini jioni za kumi bora tulikaa gizani kama wengine wote. Mjomba akakodi jenereta, kiingilio kikapanda, na watoto wadogo wakabaki nje wakisikiliza kupitia mabati.

Baadaye kila mtu akawa na simu yake na video zake, mabenchi yakauzwa.

Oktoba 2015 Joseph Haule, ndiye Professor Jay, aligombea ubunge wa Mikumi, jimbo lililo ndani ya wilaya ya Kilosa, kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Watu wa mbali walishangaa msanii kupewa jimbo la wakulima na wakata miwa. Mimi sikushangaa. Wengi wa rika langu waliokuwa kwenye foleni ya uchaguzi ule walikuwa wamezoea kumpigia kura tangu wakiwa na sare za shule, na walijua kubishana kwanza, kisha kuhesabu.