Kutoka mawe ya tochi hadi betri za drili: mazoea ya zamani yasituchomee nyumba

Wakulima na wafanyabiashara wenzangu, betri kuukuu za drili na misumeno ya chaji sasa zinauzwa kwenye magulio pamoja na vyuma chakavu. Fundi hufungua boksi lake, hutoa betri ndogo za ndani na kutengeneza taa au pawabenki. Ni kazi nzuri, kwa sababu boksi likigoma kuchaji, mara nyingi ni betri moja au mbili zilizochoka na nyingine bado nzima. Lakini wengi wetu tunazishika kwa mazoea tuliyojifunza kwenye betri za aina nyingine. Tuangalie mazoea hayo yalitoka wapi.

Mawe ya tochi

Miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianza kutengeneza redio na mawe Dar es Salaam, na jina la National likafika hadi vijijini. Jiwe moja lina volti 1.5. Likichoka, tulilianika juani, na redio ikaongea tena kidogo. Haikuwa uchawi: joto huharakisha kemikali zilizobaki ndani, nazo zimo kwenye uji wenye maji usioshika moto. Zoea la kwanza likawa hili: betri ikichoka, ianike.

Betri ya gari

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Planté mwaka 1859. Kwetu ilikuja na magari, kisha ikawasha taa na redio za nyumbani. Hii huvumilia chaja isiyo makini. Maji yakipungua, unaongeza. Zoea la pili: chaja yoyote inafaa.

Drili za kwanza za chaji

Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, ikitumia betri za nikeli na kadimiamu, aina iliyobuniwa na Jungner wa Uswidi mwaka 1899. Mafundi walishauriwa kuimaliza kabisa kabla ya kuichaji. Zoea la tatu: imalize hadi sifuri.

Lithiamu ikageuza mambo

Mwaka 1991 Sony waliuza betri ya kwanza ya lithiamu-ayoni. Mwaka 2005 Milwaukee wa Marekani wakaiingiza kwenye vifaa vya mafundi. Mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Namba 18650 wanayoitaja mafundi ni kipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65.

Ndani yake hakuna uji wa maji, kuna kimiminika kinachowaka. Hapo mazoea yote matatu yanageuka hatari:

- Ukiianika, joto huiharibu, na likizidi sana betri hujipasha yenyewe mpaka inalipuka.
- Ukiimaliza hadi sifuri, shaba ya ndani huyeyuka. Ukiichaji tena, shaba hiyo hujijenga mahali pasipotakiwa na kuleta shoti ndani kwa ndani.
- Ukitumia chaja ya gari, betri tatu zilizofuatana hukomea volti 12.6, lakini chaja hiyo hupanda hadi 14.4 hivi. Ziada hiyo ndiyo moto.

Kazi hii ifanyweje

1. Boksi lililovimba, kupondwa, kuungua au kuingia maji ya bahari lisifunguliwe.
2. Fungulia nje, juu ya ubao mkavu, bila pete wala saa ya chuma. Kata bati moja kwa wakati. Mkasi ukigusa ncha mbili ni shoti.
3. Pima kila betri kwa mita. Iliyo chini ya volti 2.5 isichajiwe kamwe.
4. Tumia chaja ya lithiamu inayokata kwenye volti 4.2. Betri inayopata moto wakati wa kuchaji itupwe kando. Zilizojaa ziache wiki mbili, upime tena. Iliyoshuka chini ya volti 4 haifai.
5. Panga zinazofanana tu, weka sakiti ya ulinzi na fyuzi. Usichomelee risasi moja kwa moja kwenye betri.
6. Mbovu ziba ncha zake kwa solotepu, weka kwenye chombo cha chuma nje ya nyumba. Usizitupe chooni wala kuzichoma.

Mkulima wa korosho, hili ni lako zaidi: usiweke wala kuchaji betri hizi kwenye stoo yenye salfa ya ubwiri unga. Salfa inawaka, na moshi wake unakaba pumzi. Betri ikianza kutoa moshi, watu watoke kwanza. Ikiwa ndogo na uko mbali nayo, imwagie maji mengi, usivute moshi wake.

Kwa wanunuzi

Kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka anayekusanya taka hizi awe na kibali, ulizia NEMC. Melini betri za lithiamu ni mzigo hatari wa daraja la 9, kwa hiyo usizifiche kwenye magunia yanayokwenda bandarini.

Ukinunua taa ya betri za drili, muulize fundi maswali matatu: ulizipima? Kuna sakiti ya ulinzi? Chaja inakata kwenye volti ngapi? Akibabaika, acha taa yake.