Jicho la muzee Monet na daraja lililogeuka jekundu

Wandugu, mimi nilisoma agronomi, kwa hiyo mambo ya uchoraji musiniulize sana. Kwetu rangi ni habari: jani la muhogo likitoka madoa ya njano, unawaza mozaiki. Sasa, mwaka fulani nilimletea koko wangu maharagwe tuchague mbegu, akaniambia yote ni ya rangi moja. Nilicheka. Kumbe mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunika. Njo maana historia ya Claude Monet ilinishika.

Muzee huyu Mfaransa, aliyezaliwa 1840, aliishi Giverny tangu 1883. Kule alichimbisha ziwa dogo, akapanda mayungiyungi na kujengesha daraja la mtindo wa Kijapani. Mwaka 1899 alilichora likiwa kijani na buluu. Miaka kama ishirini nyuma yake, daraja ni lile lile, lakini limekuwa wekundu na kahawia, karibu halionekani.

Mwaka 1912 waganga walimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mbili. Lenzi ya jicho inageuka njano, kisha kahawia, sawa kioo cha taa ya petroli chenye moshi. Buluu na zambarau zinazuiliwa, nyekundu inapita. Na inakuja polepole, mwenyewe hashituki. Monet akaanza kutegemea majina yaliyoandikwa kwenye tyubu za rangi, na kuzipanga kila siku pahali pamoja. Sawa mkulima anayejua mbolea kwa kusoma mufuko tu!

Operesheni aliiogopa sana. Rafiki yake Georges Clemenceau, aliyekuwa waziri mkuu na tena munganga, alimusukuma. Januari 1923, daktari Charles Coutela akapasua jicho la kuume na kutoa lenzi. Hakuweka kitu pale, maana lenzi ya bandia ya kwanza iliingizwa ndani ya jicho 1949, kule London. Basi jicho la kuume likaona buluu kupita kiasi, la kushoto likabaki kwenye njano yake. Ua moja, rangi mbili! Akajaribu miwani ya vioo vya rangi. La kushoto alikataa lisiguswe.

Wako wanaosema ugonjwa njo ulichora zile picha nyekundu. Mimi sikubali haraka. Mkono wa miaka sitini unakumbuka, na majina ya tyubu aliyasoma. Pengine wekundu aliutaka. Lakini picha zingine aliziharibu mwenyewe, na nyuma ya operesheni alirudia kazi kwenye zile kubwa za mayungiyungi alizoahidi Ufaransa. Alikufa Desemba 1926. Zilifunguliwa kwa watu pale Orangerie, Paris, 1927. Ukisimama mbele yake, unaangalia rangi za jicho gani?

Koko, yeye, bado anachagua mbegu. Siku hizi anafanya kwa vidole: ukubwa, uzito, tundu la mdudu. Rangi ananiuliza mimi.