Poti ya COM Imegoma? Usitupe Hiyo Kompyuta Kuukuu Bado

Pita maduka ya Bongwe ama Ukunda na bado unaweza kukutana na kompyuta ya kitambo kwa kaunta, kazi yake kuongea na printa ya risiti. Vijana huicheka. Lakini ikigoma Jumamosi jioni, foleni inaganda na mwenye duka anashika kalamu. Mara nyingi si mashine nzima imededi. Ni ile poti ya COM huko nyuma, yenye pini 9. Inatumia RS-232, mtindo wa mawasiliano uliotoka Marekani mwaka wa 1960, so usishangae ikileta mambo ya kizee.

Kabla fundi hajakwambia "bodi imekufa, leta chapaa", fanya hivi. Zima mashine, chomoa kebo. Itazame poti uso kwa uso, safu ya pini 5 ikiwa juu, halafu hesabu kutoka kushoto. Unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kawaya kembamba, na kasiguse zingine. Namba 2 hupokea, 3 hutuma, kwa hivyo sasa poti inajiongelesha yenyewe. Washa. Kwa Windows XP fungua HyperTerminal. Kwa zilizofuata tumia PuTTY. Chagua COM1, spidi 9600, flow control iwe None, kisha andika chochote. Herufi zikirudi kwa skrini, toa kawaya uandike tena. Zikiendelea kuonekana bila waya, programu inakubeba ufala: zima local echo, urudie.

Poti ikipita huo mtihani, shida iko kwa kebo, kwa printa ama kwa spidi zisizolingana. Cheki kebo vizuri. Kuna inayopita moja kwa moja na kuna iliyopishanisha 2 na 3, na kwa macho zinafanana kama mapacha.

Ikifeli, ingia BIOS. COM1 kwa kawaida huwa 3F8, IRQ 4. Betri ya CR2032 ikiisha, mipangilio hupotea na poti inaweza kujikuta imezimwa. Saa ya mashine ikirudi nyuma miaka kadhaa, basi dalili ndiyo hiyo.

Halafu kuna adui wetu wa Pwani: chumvi. Upepo unaokula mabati yako unakula pini pia. Ukiona ukijani, mashine ikiwa imezimwa, sugua na brashi ya meno na spiriti, uache ikauke kabisa. Washa, weka mita kati ya pini 3 na 5: poti iliyotulia husoma volti hasi, kati ya 3 na 15. Ikisoma sufuri, ile chipu ndogo karibu na poti huenda imeungua. Radi huiua, na pia tabia ya kuchomeka kebo vitu vikiwa na stima. Fundi wa kweli hubadilisha chipu, si bodi.

Hakuna fundi? Nunua adapta ya USB, ila chunga feki: draiva za Prolific hukataa chipu bandia. Adapta ikijiita COM7 na programu yako ya zamani inajua COM1 hadi COM4 tu, ingia Device Manager, kwenye Advanced ya hiyo poti, uipe namba ya chini iliyo wazi.