Dirisha la Moru na ngao za ukutani

Mwaka 1905 Henri Matisse alifungua dirisha la chumba chake kule Collioure, Ufaransa, akachora alichokiona: vyungu vya maua, na nyuma yake mashua majini. Wachoraji wa Moru, ndani ya Serengeti, walikuwa na dirisha kubwa kuliko lake. Lilikuwa mdomo wa pango, na mbele yake mbuga hadi macho yachoke. Wao wakaipa mbuga mgongo, wakachora ngao.

Kutoka kijiji cha Ololosokwan unaingilia lango la Klein's, kisha ni saa kadhaa za gari kuelekea kusini hadi uvikute vilima vya mawe vya Moru. Waliochora ni morani wa Kimaasai. Walijitenga huko na mnyama wa kuchinja, wakala nyama na kunywa supu ya mizizi siku mfululizo. Kambi hiyo huitwa olpul. Mtu aliyeshiba, asiye na pa kwenda, hutafuta la kufanya, na ukuta ulikuwepo. Hata Lukenya, Kenya, mapango ya namna hiyo yana ngao na chapa za ng'ombe.

Sogea karibu. Ngao ni kama yai lililovutwa, ina mstari wa kushuka katikati, na upande mmoja haufanani na wa pili. Rangi ni zilezile za ngao halisi: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mapambo hayo ni sirata, nayo hayakuwa urembo mtupu. Kwayo ulijua morani huyu ni wa rika gani na wa olosho gani, yaani kundi gani la Wamaasai, kabla mkuki haujafika. Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani, aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1904. Ngao ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, na nyati kwa Kimaasai ni olosokwan. Msomaji wa Ololosokwan hahitaji kuelezwa zaidi.

Kinachonifurahisha mimi ni baiskeli. Ndiyo, katikati ya ngao na tembo kuna baiskeli! Kijana fulani aliiona mahali, akarudi nayo kichwani, akaibandika ukutani bila kuomba ruhusa ya mila. Kwa hiyo si michoro yote ya kale sana. Mingine ni ya enzi za mkoloni.

Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka, na 1959 mpaka mpya wa hifadhi ukaanza kazi. Familia zikahamia Ngorongoro na Loliondo, na olpul ya Moru ikaishia hapo.

Leo watalii hushuka kwenye magari na kupiga picha mbele ya ukuta ule. Ngao nyingi za ngozi ziko kwenye makumbusho ya Ulaya. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka sirata za rika la baba yake, kaa naye wiki hii, na uende na daftari na kalamu za rangi.